Duka la Kikuubo likibaki bila mwenyewe

Mfanyabiashara wa Mwanza au Kisumu akifariki bila wosia, mali yake ya Kampala hufuata njia mbili. Kiwanja au jengo la biashara hugawiwa kwa sheria ya Uganda: tangu marekebisho ya 2022, mjane asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Shehena iliyobaki Kikuubo hufuata sheria ya nchi ya makazi yake ya kudumu. Hata hivyo, mjane haruhusiwi kuuza hata gunia moja kabla ya kupita mahakamani. Na kodi hutangulia warithi. Makadirio ya URA yakizidi, pingamizi hupelekwa ndani ya siku 45. Matanga yakichelewesha, wakili huomba nyongeza kwa maandishi. Asiyemudu wakili huulizia mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili Uganda.