Likizo ya Juni: Kuwatembeza watoto Ruaha kwa miguu

WENZETU wa nchi za baridi, theluji ikianguka, hufunga miguuni viatu vipana mithili ya ungo na kuingia hifadhini kutembea na watoto wao. Sisi wa Mtera hatuna theluji, tuna kipupwe. Ifikapo Juni mvua zimekwisha, nyasi zimelala na shule zinafungwa. Ndio wakati mzuri wa kutembea Hifadhi ya Taifa Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Maji ya bwawa letu hupitia huko. Mto Ruaha Mkuu hutoka bonde la Usangu, hukatiza hifadhi, kisha huingia Mtera na kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 80. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Mtoto akiukanyaga mchanga ule mkavu, hahitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini bwawa hupungua.

Hata hivyo, haya si matembezi ya kwenda shambani. Kuna tembo, simba na nyati. Hairuhusiwi kutembea bila askari mwenye silaha, na watoto wadogo hawakubaliwi. Wazazi, ulizeni umri na ada kabla ya kumwahidi mtoto. Mdogo atawaona twiga akiwa garini.

Kwa anayeruhusiwa, mwandaeni hivi:

• Atembee kwenye mstari nyuma ya askari, bila kelele.
• Akiona mnyama asikimbie. Asimame na kufuata amri.
• Avae viatu vya kufunika vidole na sweta la asubuhi. Nguo nyeusi na za bluu huvuta mbung'o.
• Abebe maji yake. Mchana jua ni kali.

Msipange kwenda na kurudi siku moja. Mkishafika Iringa, bado kuna zaidi ya kilomita 100 hadi Msembe, na matembezi yanafaa asubuhi mapema.

Faida yake hurudi nyumbani. Kando ya bwawa wapo viboko na mamba, na watoto wetu huteka maji na kuvua samaki hapo. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na ni hatari kwa anayesimama kati yake na maji. Mtoto aliyefundishwa kusimama, kusikiliza na kusoma nyayo ana nafasi kubwa ya kurudi salama. Somo hilo mnaweza kulianza leo, hata kabla ya nauli kupatikana.