VIBANDA VYA BAMBURI NDIVYO WALINZI WA JIKO LETU

Mgeni akiingia Mombasa na kuuliza mahali pa kula, aghalabu huelekezwa Mji wa Kale kwenye biriani na mishkaki, au hupelekwa ufuoni kwenye hoteli za kitalii, ambako meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Ni nadra kuambiwa avuke daraja la Nyali, apande matatu ya Bamburi, na ashuke palipo na moshi wa makaa kando ya barabara ya Malindi. Nami nasema mgeni huyo amepunjwa. Biriani ni chakula cha harusi na cha Ijumaa. Mwenye kutaka kujua watu wa Pwani hula nini Jumanne, siku isiyo na shughuli wala wageni, na aende Bamburi akakae juu ya benchi la mbao.

Wengi huijua Bamburi kwa saruji yake, na kwa msitu wa mivinje ambao René Haller alianza kuuotesha mwaka 1971 juu ya machimbo ya mawe. Wachache huijua kwa mbaazi. Lakini mbaazi hizo zina kisa chake, na kisa hicho kinatuhusu sote tulao kwa mkono wa kulia na kuanza kwa Bismillahi.

Bara yalisha kisiwa

Kisiwa cha Mombasa kutegemea chakula cha ng'ambo si jambo la leo. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu mzaliwa wa Tanja nchini Moroko, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake walikuwa na ndizi, ndimu na machungwa, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Nafaka hawakulima, waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Aliwasifu pia kwa ucha Mungu wao, na akaitaja misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Karibu miaka 700 imepita, na bado mwenye kutaka nazi, muhogo na mboga za mashambani hutazama upande wa bara.

Vibanda vya Bamburi kama tuvijuavyo vilikuja na kazi za mshahara. Kiwanda cha saruji kilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na mwaka 1954 kikaanza uzalishaji kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Hoteli za kitalii nazo zikajipanga ufuoni. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, mahali pa lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931, watu wakazidi kumiminika. Mtu wa zamu hawezi kurudi nyumbani kula, na mshahara wake haumruhusu kuketi katika hoteli anayoifagia. Basi wanawake wa mitaani wakawasha makaa. Hadi leo usishangae kumwona mpishi awapikiaye Wazungu samaki kwa siagi akitoka mlango wa nyuma kwenda kibandani kutafuta samaki wa kupaka.

Tangu alfajiri hadi baada ya isha

Siku ya kibanda huanza kabla ya adhana. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Alfajiri husukumwa, hukatwa vipande, na kutumbukizwa katika karai la mafuta ya moto mpaka yafure kama mito. Kando yake pana sufuria ya mbaazi za nazi. Wateja wa kwanza ni wale watokao msikitini. Kisha huja watu wa zamu ya asubuhi. Kisha watoto waliotumwa na mama zao, kila mmoja na bakuli lake mkononi. Chai ni ya maziwa, au ni ya mkandaa yenye tangawizi kwa apendaye ukali.

Adhuhuri sufuria hubadilika. Pana wali wa nazi kwa maharagwe au kwa samaki wa kupaka, na pana sima kwa mchicha, kwa mchunga wenye uchungu wake, au kwa papa mkavu aliyeungwa kwa tui. Hapo zamani ungaliweza kumtambua mtu kwa sahani yake: huyu Mgiriama, huyu Mswahili, huyu katoka Kisumu au Machakos kufuata kazi. Benchi la Bamburi limewachanganya. Mjaluo amezoea samaki wa nazi, naye Mswahili haoni haya tena kuagiza sima.

Jua likipungua, karai hurudi motoni kwa viazi karai vya ukwaju, bajia, na mihogo ya kukaanga inayonyunyizwa pilipili na ndimu. Ukishuka kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao vijana huuita Pirates, utakuta madafu, achari na mabuyu. Magharibi ni zamu ya mishkaki na supu ya pweza. Baada ya isha hubaki wazee na kahawa tungu, vikombe vidogo, na mazungumzo marefu.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hupinduka. Mchana majiko hupoa, na ikifika alasiri meza husimama kando ya njia zikiwa na sambusa, kaimati, tambi, ndizi za nazi na mihogo ya nazi. Asiye na mke wala mama mjini humo, na Bamburi ina wengi wa namna hiyo, hupata futari kama ya nyumbani kwao.

Tukiyapekua majina ya vyakula hivi tutajiona sisi wenyewe. Mahamri yametokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kilichotiwa chachu, ndugu wa hamira. Kaimati ni tonge ndogo katika lugha hiyohiyo. Pilau, biriani na sambusa zina asili ya Kiajemi. Chapati na kachumbari ni za Bara Hindi. Muhogo, mahindi na pilipili asili yake ni Marekani, na vililetwa ng'ambo hii na Wareno. Lakini kilichovifanya vyote kuwa vyakula vya Waswahili ni kimoja: tui la nazi.

Kasimele haidanganyi

Na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Mbaazi za nazi si chakula cha haraka. Hulowekwa usiku kucha, huchemshwa polepole mpaka zipasuke, ndipo zitiwe tui jepesi, kitunguu na chumvi. Kasimele, lile tui la kwanza lililo zito, huja mwisho, moto ukiwa mdogo, nayo hukorogwa bila kuachwa ili isikatike. Kabla ya hayo yote pana kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi, na kukamua machicha kwa kifumbu, ingawa siku hizi mashine imepunguza taabu hiyo.

Nazi ni ghali kuliko maji, na hamu ya kupunguza gharama ni kubwa. Mwenye haraka hukoroga unga wa paketi. Mwenye tamaa huzidisha maji na kulizito tui kwa unga wa ngano. Ulimi wa mzee hulijua kosa hilo mara moja, lakini ulimi wa kijana aliyekulia chipsi utalijuaje? Mtu hawezi kulilia asichokionja. Kibanda kinachokataa kuichuja kasimele ni darasa, na mamake watu aliyeshika upawa ni mwalimu, ijapokuwa hana ubao wala chaki.

Amana kabla ya cheti

Hoteli kubwa hutundika cheti cha halali ukutani, na hilo ni jema. Kibandani hakuna ukuta wa kutundikia. Pana nini basi? Pana jina la mtu. Wateja wanajua nyama imenunuliwa bucha gani, nani kachinja, na mafuta yamekaangia nini jana. Mtaa huohuo una mangwe za mnazi, na kila mmoja anajua mpaka uko wapi. Mama muuzaji akivunja amana hiyo siku moja, kesho benchi lake litakuwa tupu, kwa kuwa habari hutembea mtaani upesi kuliko matatu.

Amana hiyo ina upande wa pili, nao ni deni. Kibarua ambaye hajalipwa hula Jumatatu na kuandikwa daftarini, akalipa Jumamosi. Hakuna riba, hakuna wakili, hakuna rehani. Mwezi Machi 2020, kafyu ilipotangazwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona na hoteli za ufuoni zikaanza kufunga milango, wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani. Mzigo huo haukubebwa na benki peke yake. Ulibebwa pia na daftari la kurasa zilizokunjamana, na wako wanawake waliolifunga daftari hilo bila kulipwa, wakamwachia Mola.

Wenye dini wanaelewa uzito wa jambo hili. Tumefundishwa kwamba kumlisha mwenye njaa ni ibada, na kwamba kula kwa kujumuika kuna baraka. Tumefundishwa vilevile kwamba deni ni dhamana shingoni mwa mdaiwa. Mtu aswaliye safu ya mbele huku anadaiwa mahamri ya miezi mitatu na mjane, afadhali aanze kwa kulipa.

Barabara yapanuka

Katika miaka hii ya 2020 kazi ya kupanua barabara itokayo Mombasa kwenda Mtwapa imegeuza sura ya upande huu. Hakuna mwenye akili atakayeipinga barabara. Sote tumekaa katika msongamano wa magari tukalaani. Lakini kibanda kilichosimama kando ya lami ndicho cha kwanza kuondoka, na kikiondoka hakiendi na mbao na mabati tu. Wateja waliokijua kwa miaka hutawanyika, daftari hupoteza maana yake, na mama aliyekuwa hapo hulazimika kuanza upya mtaa wa ndani, Mtambo au Kiembeni, mahali asipojulikana na mtu. Jina lake, lile lililokuwa badala ya cheti, limebaki barabarani.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, masoko na leseni za biashara zimo mikononi mwao. Muuzaji wa chakula hudaiwa leseni na hudaiwa cheti cha afya, na ni haki, maana tumbo la mtu si mahali pa kufanyia mchezo. Lakini haki huenda pande mbili. Anayetoa ada anastahili bomba la maji, choo, mahali pa kutupa taka, na kipande cha kivuli ambacho hatafukuzwa kesho asubuhi. Mahali pa kupikia panapojengwa karibu na njia, kwa mashauriano na wanawake wenyewe, patagharimu sehemu ndogo mno ya gharama ya lami.

Nasi walaji tuna fungu letu. Tununue mbaazi za nazi hata kama chipsi ziko karibu zaidi. Tukipewa tui la maji tuseme kwa adabu, kwani mpishi asiyeambiwa hajirekebishi. Tuwafundishe watoto wetu, wa kike na wa kiume, kukuna na kukamua, ili kazi hii isibaki ya maskini asiye na la kufanya. Na kubwa kuliko yote, tulipe madeni yetu kabla ya jasho la mpishi kukauka.

Hoteli ya ufuoni ikifungwa, gazeti huandika, na mawaziri huja kutoa pole. Kibanda kikizimika Bamburi hakuna anayeandika. Moshi hauonekani tu asubuhi ile, na mtoto aliyetumwa na bakuli hurudi nyumbani nalo likiwa tupu.