Lubumbashi: Miji mipya yajengwa, mwalimu atapata nyumba wapi?

Karibu na uwanja wa ndege wa Luano, mjini Lubumbashi, kumejengwa Luano City, makao mapya yenye barabara nzuri na uzio kuzunguka. Pembeni mwa mji, mradi wa Kiswishi unapanga mji mzima mpya. Mwalimu au mama muuza mboga hana uwezo wa kununua nyumba huko. Yeye anatafuta parseli mbali, mahali maji hayajafika, na anajenga chumba kimoja kimoja kadiri pesa inavyopatikana.

Zamani nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa wingi. Mwaka 1952 utawala wa Ubelgiji uliunda Office des Cités Africaines, OCA, ambayo hadi 1960 ilijenga karibu nyumba 40,000 katika Kongo na Ruanda-Urundi. Ruashi mjini Lubumbashi na Bagira mjini Bukavu zilipata nyumba hizo. Nia ya mkoloni haikuwa safi, kwani alitaka Waafrika wakae mbali na Wazungu. Lakini kuta zilikuwa imara, na familia nyingi zinakaa ndani yake hadi leo. Office National du Logement, iliyoundwa mwaka 1965, haikufikia kiasi hicho.

Serikali ya leo haina pesa za kujenga namna ile. Kitu ilicho nacho ni ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Raia na kampuni hupewa tu haki ya kuitumia. Kwa hiyo anayetaka hekta za kujenga mtaa mpya lazima apite kwanza kwa wakubwa wa Serikali.

Kwingine, hapo ndipo sharti linapowekwa. Katika wilaya ya Montgomery, jirani na Washington nchini Marekani, tangu 1974 kampuni inayojenga nyumba nyingi kwa pamoja hulazimika kutenga sehemu, takribani moja kati ya nane, kwa watu wa kipato kidogo. Nayo huruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi kwenye kiwanja kilekile, ili isipate hasara. Kosa moja liliwagharimu: mwanzoni bei ilidhibitiwa kwa miaka 5 tu, na baadaye nyumba nyingi zikauzwa kwa bei ya soko. Sasa nyumba za kuuzwa hudhibitiwa miaka 30, za kupangisha miaka 99.

Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2000, hutoza faini miji isiyofikisha kiwango cha nyumba za bei nafuu. Baadhi ya miji ya matajiri huona heri kulipa.

Lubumbashi ruhusa ya kuongeza nyumba si zawadi kubwa. Kampuni inahitaji zaidi barabara, bomba la REGIDESO na laini ya SNEL. Mji ukisaidia hapo, unaweza kudai nyumba ndogo, na orodha ya watakaozipata ibandikwe hadharani, la sivyo zitaishia kwa ndugu wa wakubwa.

Sheria peke yake haitoshi. Ile ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba kupita miezi 3, lakini wapangaji wengi bado wanadaiwa zaidi. Sharti likiandikwa ndani ya mkataba wa ardhi, kampuni isiyolitimiza inaweza kunyimwa kibali cha awamu inayofuata.