Shambulio la Kagera na vita iliyofika Kampala

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, na kwa siku chache yakawa yameikalia ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Tangazo hilo lilikuwa zito kuliko uvamizi wenyewe: serikali inaweza kudai kwamba fujo za mpakani ni za askari watundu, lakini haiwezi kusema hivyo baada ya kujitwalia nchi ya watu.

Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, nao unafuata mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta. Mto Kagera hujipinda kusini ya mstari huo kabla ya kurudi kaskazini kumwaga maji Ziwa Victoria, ndiyo maana kipande cha Tanzania kiko ng'ambo ya mto. Amin alishikilia kwamba mpaka halali ni mto. Nchi za Afrika, hata hivyo, zilikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni.

Uhasama wa serikali hizo mbili ulianza Januari 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote na Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, akampa Obote hifadhi. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kuivamia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa, na ndege za Amin zikashambulia Bukoba na Mwanza. Kufikia 1978 jeshi la Amin lenyewe lilikuwa limegawanyika, na maasi yalizuka katika baadhi ya vikosi. Vita vya nje vilikuja wakati ambapo nyumbani kulikuwa kunamshinda.

Wakazi wa Kagera ndio walioumia kwanza. Raia waliuawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa hadi Uganda, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, lilipigwa mabomu ya ndege bila kuanguka. Novemba 3 likabomolewa kwa baruti, kazi iliyosimamiwa na mtaalamu kutoka migodi ya Kilembe. Kwa kulivunja, wavamizi waliwazuia Watanzania wasivuke upesi, lakini pia walionyesha kwamba hawakukusudia kuondoka.

Nyerere alilihutubia taifa Novemba 2, akaeleza kwamba Tanzania ina uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi. Mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na polisi wakaungana na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), malori na mabasi yakachukuliwa kupeleka askari, na wananchi wakachanga mifugo, vyakula na fedha. Daraja la vyuma likatandazwa Kyaka, na kufikia mwanzo wa Januari 1979 wavamizi walikuwa wametolewa.

Vita ingeweza kuishia hapo. Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin. Umoja ukapendelea upatanishi, jambo lililomuudhi sana, na alikuwa na haki ya kuudhika. Vilima vya Mutukula, upande wa Uganda, viliwapa wapiga mizinga wa Amin nafasi ya kuilenga Kagera tena, kwa hiyo Mutukula ikatekwa Januari. Ili Mutukula iwe salama, ikaonekana lazima Masaka na Mbarara zichukuliwe, nazo zikaanguka Februari. Libya ikaleta askari kumnusuru Amin, wakashindwa Lukaya mwezi Machi. Kila hatua ilikuwa na hoja yake ya kujilinda, na hivyo ndivyo vita ya kurudisha ardhi ilivyogeuka kuwa vita ya kuiangusha serikali. Wakombozi, yaani JWTZ na Waganda waliokuwa uhamishoni, waliiteka Kampala Aprili 11, na mapigano yakaisha Juni 3, walipofika mpaka wa Sudan.

Gharama ilikadiriwa kufikia dola milioni 500. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka huohuo, na miaka ya mwanzo ya 1980 foleni za sukari, sabuni na unga zikawa jambo la kila siku. Askari wa Tanzania nao waliendelea kulinda amani Uganda, na wengi wao hawakurudi nyumbani hadi 1981.