Gari dogo la miaka 40 bado linakimbia: siri iko kwa piesi na kwa familia

Ku Mulongwe, ku Kalundu ao ku Kavimvira, mtoto hana lazima ya pesa ili apate gari. Anatafuta waya, mkebe wa tomate na kambambili iliyokatika, na mchana mmoja tu gari liko tayari. Magurudumu yanakatwa kwenye kambambili, bodi inakunjwa kwa waya, na fimbo ndefu inapanda kutoka magurudumu ya mbele mpaka mkononi. Mtoto anakimbia nyuma yake, anageuza fimbo, gari linakata kona. Likivunjika hakuna kilio kirefu: analitengeneza mwenyewe, kwa sababu njo yeye alilijenga.

Kuna gari lingine, lile la dukani, ndani ya boksi lenye rangi nyingi, pamoja na telekomande yake. Papa analinunua kwa sikukuu. Siku ya kwanza nyumba nzima inacheka. Wiki ya pili jino moja la gia limekatika. Fundi wa redio analifungua, anaangalia, anatikisa kichwa: piesi hiyo haiuzwi popote sokoni, na hata jina la kiwanda halikuandikwa. Gari linaishia kwenye takataka.

Sasa, huko Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani kuna magari madogo ya telekomande yaliyotoka kiwandani karibu na mwaka 1984, na mpaka leo yanashindana kwenye vumbi na matope. Wenyewe ni watu wazima, wengine wana mvi. Kwa nini hayo yanaishi miaka 40, na lile la sikukuu halimalizi hata mwezi?

Namna redio inavyoendesha gari

Gari hilo linafanya kazi kwa njia ambayo msikilizaji wa redio anaifahamu tayari. Telekomande ni kituo kidogo cha kurusha matangazo. Ndani ya gari kuna kipokezi, kama redio ya nyumbani. Ila badala ya kutoa sauti, kipokezi hicho kinatoa amri kwa mota ndogo: moja inageuza magurudumu ya mbele, nyingine inaongeza ao kupunguza mwendo.

Magari ya zamani mengi yalitumia masafa ya megahezi 27, chini sana ya yale ya FM, ambayo yako kati ya 88 na 108. Kila mwendeshaji alikuwa na vipande viwili vidogo vya kristali vya jozi moja, kimoja kwenye telekomande na kingine kwenye gari. Anayeishi Uvira anaelewa shida yake haraka: hapa kando ya ziwa, stesheni za Bujumbura zinaingia kwenye redio zetu bila kubisha hodi, na stesheni mbili zikikaribiana sana kwenye masafa, sauti zinagombana. Kwa magari ilikuwa vilevile. Watu wawili wakiwasha telekomande kwenye masafa moja, gari la mmoja linatii mkono wa mwingine, na mara linakwenda kugonga ukuta.

Ndiyo maana kwenye mashindano kulikuwa na utaratibu mkali. Telekomande zote zilikusanywa mezani, na kila mtu alipewa yake zamu yake ikifika tu. Rangi kama nyekundu, njano, kijani na buluu zilionyesha kila mtu yuko kwenye masafa gani. Siku hizi telekomande nyingi zinatumia gigahezi 2.4, na zinajitafutia nafasi zenyewe, kwa hiyo ugomvi huo umekwisha.

Nguvu inatoka kwenye batri. Batri ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na seli 6, kila moja ya volti 1.2, jumla volti 7.2. Haikudumu. Shindano lenyewe lilikuwa la dakika 4 ao 5, na mwendeshaji aliyebana mafuta mno, yaani kukimbiza gari bila hesabu, alijikuta amesimama katikati ya njia wakati wengine wanamaliza. Akili ya kutunza moto wa batri ilihesabika sawa na mwendo.

Boksi la piesi, siyo gari

Tofauti ya kwanza na gari la sikukuu iko hapa. Mtu aliyenunua gari la aina hii hakukuta gari ndani ya boksi. Alikuta mifuko ya skrubu, gia, vyuma, plastiki na kitabu cha michoro. Ilibidi akae mezani siku kadhaa, akaunganisha kila kitu kwa mkono wake, mwisho akapaka bodi rangi anayoipenda. Ukubwa wake kwa kawaida ulikuwa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli.

Mtu aliyejenga gari lake hivyo anajua kila skrubu mahali ilipo. Likigonga jiwe na mkono wa gurudumu ukavunjika, hafikirii kulitupa. Anakwenda dukani anataja namba ya piesi iliyoandikwa kwenye kitabu, anaipata, anarudi kuifunga. Ni akili ileile ya mtoto wa waya, ila hapa imewekwa kwenye boksi na kupewa namba.

Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa magari mawili ya kupita mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher. Sand Scorcher lilivaa bodi ya ile Volkswagen ya mgongo wa duara, na vyombo vyake vya redio vilifungiwa ndani ya kisanduku ili maji na mchanga visiingie. Mwaka 1984 likatoka Grasshopper, gari rahisi la plastiki ambalo watoto wengi walianza nalo, na ndugu yake mwenye mota kubwa zaidi, Hornet. Mwaka huohuo Team Associated ya Kalifornia ikatoa RC10, lenye fremu ya aluminiamu ya rangi ya dhahabu na shoku za mafuta. Grasshopper lilikuwa gari la kuchezea nyumbani ambalo lingeweza kushindana. RC10 lilijengwa kwa ajili ya mashindano tangu siku ya kwanza.

Baba na mtoto kwenye meza moja

Ukifuata majina ya kampuni hizi, unakuta familia nyuma yake.

Yoshio Tamiya alianza mwaka 1946 na kiwanda cha kupasua mbao katika mji wa Shizuoka. Baadaye akaongeza michezo ya kuunganisha ya mbao. Mwaka 1951 moto uliteketeza mali yake. Mwaka 1953 aliacha biashara ya mbao za kujengea, akabaki na hiyo michezo tu. Mtoto wake, Shunsaku Tamiya, njo aliyeipeleka kampuni kwenye plastiki na kuifanya ijulikane dunia nzima. Walipotaka kutengeneza gari dogo la Porsche, Shunsaku alinunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua ili aone kila kitu kimekaa namna gani. Gari dogo lililotoka humo mwaka 1976, Porsche 934, lilikuwa la kwanza la kampuni hiyo kuendeshwa kwa redio. Shunsaku alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 90.

Huko Kalifornia, familia ya Losi ilikuwa na duka na uwanja wa mashindano, Ranch Pit Shop. Mwaka 1985 mashindano ya kwanza ya dunia ya magari haya ya njia mbaya yalifanyika Del Mar, jimbo hilohilo. Jay Halsey alishinda kwa magari yanayovutwa na magurudumu mawili, akiendesha RC10. Kwa magari ya magurudumu manne alishinda Gil Losi Junior, mtoto wa nyumba hiyo. Baada ya miaka michache baba na mtoto walikuwa wanauza magari yao wenyewe, kwa jina la Team Losi.

Uingereza, Cecil Schumacher alikuwa injinia wa Cosworth, kampuni ya injini za magari ya mashindano. Mwaka 1980 alianza biashara yake huko Northampton. Alijulikana kwanza kwa difrensha ndogo inayotumia golori badala ya gia. Gari lake, CAT, lilipata jina kubwa mwaka 1987, wakati mashindano ya dunia yalipofanyika Romsey, Uingereza. Aliyeliendesha hadi ushindi alikuwa kijana wa Kijapani wa miaka 17, Masami Hirosaka, ambaye fundi wake alikuwa baba yake mzazi. Masami aliendelea kushinda mpaka akafikisha mataji 14 ya dunia.

Biashara ya namna hii inafaa familia kwa sababu kazi ni nyingi na ndogondogo. Mmoja anasimama dukani, mwingine anakata aluminiamu, mwingine anafunga piesi kwenye vifuko na kuandika namba, na jumamosi wote wako uwanjani wanaangalia ni kitu gani kimevunjika. Jumatatu wanakaa kurekebisha kile kilichovunjika. Mteja analalamika moja kwa moja kwa mtu aliyetengeneza.

Lakini familia nayo ina mwisho wake. Jina la Losi lilinunuliwa na kampuni kubwa ya Horizon Hobby. Team Associated ilinunuliwa mwaka 2005 na Thunder Tiger ya Taiwan. Mzee akichoka na watoto wakiwa na kazi nyingine, duka linauzwa ao linafungwa, na namba za piesi zinabaki kwenye kitabu tu.

Yalilala, yakaamka

Kila mwaka viwanda vilitoa gari jipya lenye mwendo zaidi, na la zamani halikuweza tena kushinda. Mengi yaliwekwa kwenye maboksi juu ya dari. Huko juu muda ulifanya kazi yake: mpira wa matairi ulikauka na kupasuka, plastiki ikawa ngumu kama biskuti, batri zikafa.

Watoto wa miaka ya 1980 walipokua na kupata mishahara, wakaanza kuyatafuta. Wengine waliyaweka kwenye kioo, wasiyaguse. Wengine walisema gari lililojengwa kukimbia lazima likimbie, na hao njo waliorudisha mashindano ya magari ya zamani. Sheria zake hazina ugumu: magari yanagawanywa kwa makundi kufuata miaka yaliyotoka, ili Grasshopper la 1984 lisiwekwe kushindana na gari la kisasa.

Viwanda vikaona soko limerudi. Tamiya ikatoa tena Hornet mwaka 2004, Grasshopper mwaka 2005 na Sand Scorcher mwaka 2010. RC10 likarudi mwaka 2013. Schumacher nayo imerudisha CAT. Kwa mwenye gari la zamani, habari njema haikuwa tu gari jipya kwenye boksi. Piesi nyingi za toleo jipya zinaingia kwenye gari lile la kwanza. Gari lililokufa kwa kukosa gia moja likapata gia yake.

Kwa yale ambayo viwanda havikuyarudisha, wamebaki watu wadogo. Kuna wanaotengeneza matairi, wanaokunja bodi mpya za plastiki, wanaochapisha vibandiko kama vile vya zamani, wanaokata mikono ya magurudumu kwa mashine. Wengi wanafanya hivyo nyumbani, kwenye gereji, mke na mume ao baba na mtoto. Hawatengenezi gari zima. Wanauza kipande kimoja kilichokosekana, na kwa kipande hicho gari zima linafufuka.

Na hapa Uvira

Habari hizi za Japani na Kalifornia ziko mbali, ila hesabu yake inafanyika hapa kila siku. Mtu anayetaka kununua moto hamwulizi muuzaji kuhusu rangi kwanza. Anauliza: piesi zake zinapatikana? Moto ambayo piesi zake ziko sokoni, na ambayo kila fundi wa kando ya barabara anaijua, inauzwa vizuri hata ikiwa imezeeka. Ile nzuri isiyo na piesi inalala nyuma ya nyumba, kuku wanapanda juu yake.

Kwenye redio, telefone na taa za jua ni vilevile. Fundi anayeweka vyombo vilivyokufa chini ya meza yake hakusanyi takataka. Ile ni stoo yake: mota ya redio kaseti, swichi, waya wa shaba, skrubu ndogo ambazo haziuzwi moja moja. Mtoto wake akikaa pembeni jioni, akishika chuma cha kusudia na kujifunza piesi gani inaingia wapi, kazi inapata mrithi. Akiona kwamba kila kinacholetwa mezani kimefungwa kwa gundi, hakifunguki na hakina piesi, atakwenda kutafuta kazi nyingine, na mji utabaki ukinunua na kutupa.

Kwa hiyo mzazi anayesimama mbele ya gari la telekomande kwenye duka anaweza kufanya kama mnunuzi wa moto. Aligeuze. Aangalie kama lina skrubu ao limebandikwa kwa gundi, kama linatumia mawe ya redio ya kawaida ao batri ambayo haipatikani hapa, kama muuzaji anaweza kupata gurudumu moja peke yake. Muuzaji akicheka swali hilo, jibu limeshapatikana.

Na akirudi nyumbani mikono mitupu, bado kuna waya, mkebe na kambambili. Gari hilo halina redio, lakini piesi zake zote zinapatikana Uvira.