Kalafati
Kalafati ni kazi ya kuziba mianya kati ya mbao za jahazi, mashua au chombo kingine cha mbao ili maji yasiingie. Katika pwani ya Afrika Mashariki fundi husokota pamba iliyolowekwa mafuta, kwa desturi ya nazi au ya papa, akaisindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo. Chini chombo hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia viumbe wanaotoboa mbao. Hao huonekana kama minyoo, kumbe ni jamaa za chaza. Chombo huwa kimepwelewa na kuegemezwa kwa gadi.

Kwa mabaharia wanaorudi chomboni baada ya miezi ya kukaa pwani, tatizo kubwa ni ukavu. Mbao zilizopigwa na jua husinyaa, na hata chombo kizima huvuja. Kwa hiyo kikishushwa hufungwa kwanza karibu na pwani, mabaharia wakifua maji ya ngama mpaka mbao zivimbe na kubana. Fundi mzoefu hukumbuka jambo hilo mapema: pamba ikisindiliwa mno katika mbao kavu, zikivimba husukumana na kulegeza misumari.