Falsafa ya Mwalimu Mwanagenzi

Mimi ndiye yule mnayemwita "ticha wa TP", niliyetumwa hapa muhula huu kufanya mazoezi ya kufundisha. Mlezi wa chama ameniomba niwaeleze jambo ambalo sisi wanagenzi hutakiwa kuliandika chuoni, yaani falsafa ya ufundishaji.

Neno "falsafa" lisiwatishe. Ni jibu la mwalimu akiulizwa: unaamini mwanafunzi hujifunza vipi, na kwa sababu hiyo wewe unafanya nini darasani? Kazi iko katika hiyo sehemu ya pili. Kuandika "namjali kila mwanafunzi" ni rahisi kama kunywa maji. Wengi huandika hivyo, kisha wakafundisha wale watano wa viti vya mbele tu!

Chuoni tunasoma mawazo ya wakubwa. Paulo Freire wa Brazili alipinga kumfanya mwanafunzi benki, mwalimu aweke, yeye atunze. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ikuze akili yenye kuuliza. Maneno matamu kweli kweli. Lakini utayatekelezaje katika kipindi cha dakika 40, wanafunzi 50 wakikutazama?

Mimi njia nilionyeshwa na Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, mtaalamu wa ufundishaji wa sayansi. Katika miaka ya 1970 alieleza alichogundua alipopima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Aghalabu ulikuwa kama sekunde moja tu! Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, na hata wale wazito wa kusema wakaanza kuchangia.

Basi nikaona kumbe imani yangu inaweza kupimwa kwa saa ya mkono. Nikiamini kwamba yule wa kule nyuma ana akili, nitamngoja.

Juzi niliuliza wingi wa "uso". Kimya. Nikangoja. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Mauso." Mkacheka, si ndiyo? Nikamuuliza ameitoa wapi hiyo "ma-". Akajibu, "Si tunasema uovu, maovu? Ugonjwa, magonjwa?" Naam! Huyo alikuwa ameigundua ngeli ya U-YA bila kufundishwa. Ni vile tu "uso" uko katika U-ZI, wingi wake "nyuso". Ningemkatiza, tungepata jibu sahihi la mwenzake na kupoteza fikira yake.

Hata hivyo, msimamizi wangu aliniuliza swali zito: silabasi utaimaliza lini? KCSE haimngoji mtu. Nami nakiri ana haki. Kwa hivyo sasa singoji kila swali. Nikiuliza ngeli ya "kiti", anayejua ajibu twende mbele. Nikiuliza kwa nini "kipofu" huchukua upatanisho wa A-WA ilhali umbo lake ni la KI-VI, hapo nanyamaza, hata kama kengele inakaribia.

Kabla sijarudi chuoni nitawagawia vikaratasi. Msiandike majina. Niambieni tu ni siku gani ulikuwa na jibu nami sikukungoja.